Lubumbashi na watoto: zoo, makumbusho, uwanja au ziwa? Angalia kwanza ni nani anayewapeleka

Mgeni akitufikia Lubumbashi na watoto, tunampeleka zoo. Watoto wetu wenyewe wakifunga masomo, tunawapeleka zoo. Makumbusho tumewaachia walimu, Shilatembo, mahali alipouawa Lumumba, tumewaachia wanasiasa, na chimine (bomba la moshi) ya Gécamines, kampuni ya madini, tunaipita kila siku bila kuinua macho. Zoo si mahali pabaya hata kidogo. Ila tunapochagua tunauliza umri wa watoto tu, na umri ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni mtu mzima atakayewashika mkono siku hiyo.

Kuna mahali panapojieleza penyewe: mama aliyechoka anaweza kukaa kivulini na watoto wakafurahi bila yeye kusema neno. Kuna pengine ambapo, bila mtu wa kusimulia, mtoto ataona vyungu na mawe, na baada ya dakika kumi ataanza kuvuta nguo yako mnarudi nyumbani. Kwa jicho hilo nimezilinganisha sehemu ambazo familia ya Lubum, au familia ya wageni, inaweza kwenda bila kuharibu mfuko.

Zoo: pazuri kwa mtu mzima aliyechoka

Zoo ya Lubumbashi ilipita wakati mgumu sana miaka ya 1990, kama nchi nzima, kisha ikafufuliwa. Leo kuna simba, mamba, nyani wa aina mbalimbali na ndege, na kuna miti mikubwa ya kivuli. Hicho kivuli ndicho kinachoishinda nafasi nyingine yoyote mjini kama una mtoto mgongoni na mwingine anayejifunza kutembea. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua haijaanza, jua la hapa linachoma na vumbi jekundu linaingia hadi masikioni. Ndani ya zoo utapumua.

Watu wengi wanakosea saa. Simba hulala hata saa 20 kwa siku, na ukifika saa sita mchana utaona mgongo wake tu. Mtoto atakuuliza, "Mama, ile simba inakufa?" Nenda mlango unapofunguliwa tu asubuhi, au jioni jua linapopungua, wakati wanyama wanaamka na wanatembea.

Ndani ya eneo hilohilo ndipo J.A.C.K. ilipoanzia kazi mwaka 2006. Ni kituo kinacholea sokwemtu walionyang'anywa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara haramu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kwenda upande huo wa mji, kuliko simba. Lakini hapa nusu ya pili ya hesabu inaanza kufanya kazi. Mtoto anayeangalia sokwemtu bila maelezo ataona mnyama wa kuchekesha anayemwiga. Mtoto aliyeelezwa ataelewa kwamba msitu wa sokwemtu uko kaskazini, mbali na huku kwetu, na kwamba kila kitoto kilichofika Lubumbashi kilipitia njia ndefu ya watu wabaya. Mama sokwemtu hamwachi mtoto wake. Mara nyingi ili kumpata mtoto mmoja wawindaji wanamuua mama, na wakati mwingine ndugu waliojaribu kumtetea. Kwa watoto wa miaka saba kwenda juu hiyo ni habari wanayoweza kuibeba. Kwa wadogo, wape mchezo rahisi: nyani ana mkia, sokwemtu hana. Waache watafute mikia.

Jambo moja la afya. Sokwemtu wanaambukizwa mafua yetu, na kwao yanaweza kuua. Mtoto mwenye kikohozi abaki upande wa simba. Na kabla ya kuahidi watoto, uliza mlangoni kama siku hiyo wageni wanapokelewa kwa sokwemtu. Ahadi iliyovunjika mbele ya mtoto wa miaka mitano inaharibu siku nzima.

Makumbusho: pazuri sana, kama nkambo (babu) yuko

Makumbusho ya taifa ya Lubumbashi yalianzishwa mwaka 1946 na Mbelgiji Francis Cabu, mtafiti wa mambo ya kale, wakati mji ukiitwa Élisabethville. Yako karibu na Jengo la 30 Juin, na yana mambo ya kale yaliyochimbwa ardhini, vitu vya makabila ya Katanga, na mawe ya madini.

Nitasema wazi: mtoto wa miaka mitatu hana kazi pale. Na mtoto wa miaka kumi akienda na mtu mzima anayeangalia simu yake, naye hana kazi pale. Lakini mpeleke huyohuyo na nkambo aliyefanya kazi Gécamines au kwenye reli, uone. Nkambo atasimama mbele ya jiwe la kijani, na hamtatoka kabla ya saa moja.

Hilo jiwe la kijani ni malakiti, na mimi ningeanzia hapo na watoto wote. Mwambie mtoto: ndani ya jiwe hili la kijani kuna waya wa umeme wa nyumba yenu. Hataamini. Kisha mweleze jinsi wazee walivyofanya. Baada ya mavuno, kiangazi kikiingia, watu walikwenda kuokota malakiti juu ya vilima visivyoota miti, kwa sababu udongo wenye shaba nyingi unakataa miti. Walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, ambao unavumilia moto, wakapanga makaa na mawe, wakapuliza kwa mivukuto ya ngozi ya swala. Makaa yalinyonya oksijeni iliyofungwa ndani ya jiwe, na chini ya tanuri ikatiririka shaba nyekundu. Kazi ilikuwa na waganga wake, na miiko yake, na mafundi wake waliitwa walaji wa shaba. Kabla Mzungu yeyote hajapima ardhi hii, shaba ya Katanga ilikuwa inafika pwani ya mashariki na ya magharibi. Ndiyo iliyomtajirisha M'siri wa Bunkeya, mfalme wa Bayeke, hadi wajumbe wa Leopold II wakamfuata na kumuua Desemba 1891.

Kutoka kwenye jiwe, peleka watoto kwenye misalaba midogo ya shaba. Kila mtoto wa Katanga ameiona mahali fulani, kwenye ukuta wa ofisi, kwenye kitambaa, kwenye bendera ya 1960 ya Katanga iliyojitenga chini ya Tshombe, ambayo ilikuwa na misalaba mitatu. Wachache wanajua kwamba zilikuwa pesa. Wachimbaji wa mambo ya kale walifungua makaburi ya Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, mwaka 1957 na 1958, na huko, kwenye bonde la Upemba, misalaba imekutwa pamoja na wafu. Kinachonifurahisha ni hiki: ya zamani zaidi ni mikubwa na kila mmoja una ukubwa wake, karne zilivyokwenda ikawa midogo, mingi, na yenye kulingana. Mtoto wa miaka tisa anaweza kupata jibu mwenyewe ukimuuliza kwa nini. Muulize tu: mama sokoni atakubali noti ambayo kila moja ina ukubwa wake?

Ukikuta picha za Pilipili Mulongoy, Bela au Mwenze Kibwanga, usizipite. Hao walikuwa vijana wa Hangar, karakana ya uchoraji iliyofunguliwa hapa Lubumbashi mwaka 1946 na Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyekataa kuwafundisha kuiga Ulaya. Bela alichora kwa vidole vyake, bila brashi. Ukimwambia mtoto hilo, jioni utakuta ukuta wa nyumba yako umechorwa, kwa hiyo nunua karatasi kabla.

Kwa upande wa udhaifu: maelezo ni Kifaransa, na mtoto ambaye bado anasoma kwa shida hatayafuata. Kwa wageni kutoka Tanzania au Zambia hali ni hiyohiyo. Omba mwongozaji anayesema Kiswahili, na mwambie tangu mwanzo kwamba una watoto, la sivyo atakupa hotuba ya chuo kikuu. Na usijaribu kumaliza vyumba vyote. Jiwe, msalaba, picha moja, mnatoka.

Kwa hiyo kati ya zoo na makumbusho? Zoo inampa mtoto furaha ya siku hiyo bila kumdai mtu mzima chochote. Makumbusho yanamdai mtu mzima jasho, lakini maswali ya mtoto yanaendelea mezani wiki nzima. Usichanganye yote mawili kwa siku moja. Watu hufanya hivyo ili kuokoa pesa ya teksi, na matokeo yake watoto wanafika makumbusho wamechoka, wana njaa, wanalia. Ukilazimika, makumbusho yatangulie.

Mji wenyewe, bure

Kuna familia ambazo kiingilio cha watu sita ni pesa ya unga wa siku nzima. Kwa hao, Lubumbashi ya katikati ni makumbusho isiyo na tiketi, na ina faida moja ambayo zoo haina: mtoto akichoka mnaingia basi mnarudi.

Reli ilifika kutoka kusini mwaka 1910, na mji ukazaliwa mwaka huohuo, ukapewa jina la Elisabeth, mke wa mfalme Albert I. Jina la Lubumbashi, ambalo ni la mto, lilirudi 1966. Anza kwenye stesheni basi, kwa sababu bila treni hakuna mji. Kisha kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, la matofali mekundu, la mwaka 1920. Kisha Place de la Poste. Kisha sinagogi ya 1930, iliyojengwa na jamii ya Wayahudi ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes. Watoto wengi wa Lubum hawajui kabisa kwamba kuna nyumba hiyo ya sala katika mji wao. Malizia kwenye jengo la tiyatri la miaka ya 1950, ambalo leo wengi wanalijua kwa ajili ya bunge la jimbo.

Njia hii inawafaa watoto wa miaka minane hadi kumi na miwili, wanaopenda kuhesabu na kushindana. Waambie watazame jinsi barabara zilivyonyooka na kukatana sawasawa. Kisha, mkielekea Kamalondo, waulize kwa nini palikuwa na nafasi tupu kati ya mji na makazi ya Waafrika. Nafasi hiyo iliachwa makusudi na wakoloni, wakisema ni kwa sababu ya afya. Waafrika walivuka asubuhi kwenda kazini na jioni walitakiwa wawe wamerudi upande wao. Kamalondo, iliyoitwa Cité Albert, ndiyo ya kwanza katika makazi hayo, kisha zikafuata Kenya, Katuba na Ruashi. Mwenye shangazi Kamalondo amalizie huko, bukari na sombe (ugali na kisamvu) ikisubiri.

Chimine na ule mlima mweusi mnaviona kutoka mbali, na mbali ndiko mnakotakiwa kubaki: ni eneo la kiwanda. Chimine ina urefu wa takribani mita 150, na tanuri za pale ziliyeyusha shaba ya kwanza mwaka 1911. Mlima huo hakuumba Mungu. Ni mabaki ya tanuri, yaliyomwagwa pale miaka na miaka, na ndani yake bado kuna kobalti na germani, madini yanayotafutwa na viwanda vya betri na vya nyaya za intaneti, ndiyo maana unachimbwa upya. Kama nkambo wa Gécamines yupo, mwachieni yeye sehemu hii.

Picha: kanisa na barabara sawa, lakini kabla ya kuinua simu mbele ya stesheni, ofisi ya serikali au askari, omba ruhusa. Mgeni hasa alisikie hilo.

Kamalondo siku ya mechi

Hapa anafaa kaka mkubwa au baba mwenye kupenda mpira. Mwingine yeyote atateseka. Uwanja wa TP Mazembe ulifunguliwa 2011, unaingiza watu wapatao 18,000, na ni mdogo kiasi kwamba mtoto anaona uso wa mchezaji. Klabu ilianza 1939 kwa mapadre wa Kibenediktini, na vikombe vyake vya ubingwa wa Afrika ni vitano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la klabu, ikafungwa na Inter Milan 3–0. Kipa Robert Kidiaba, akiruka kwa makalio uwanja mzima kila bao lilipoingia, bado anaigwa na watoto waliozaliwa baada yake.

Kwa mara ya kwanza chagua mechi ndogo, si ile ya Mazembe na Saint-Éloi Lupopo, watani wake wa hapahapa mjini. Siku ya Lupopo, mtoto chini ya miaka kumi abaki nyumbani na redio. Jamaa wa Lupopo wataniambia nina upendeleo, na ni kweli.

Shilatembo: vijana tu

Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa Élisabethville, wakateswa katika nyumba ya Brouwez, na usiku huohuo wakapigwa risasi porini Shilatembo, upande wa barabara ya Likasi. Mwaka 2022, mwezi wa sita, jeneza lenye kilichobaki cha Lumumba, jino moja lililokuwa Ubelgiji, lilipitishwa huku kabla ya kuzikwa Kinshasa.

Silinganishi mahali hapa na zoo. Ni kwa vijana wa miaka kumi na minne na zaidi, na mtu mzima anayewapeleka awe tayari kujibu swali gumu kwetu watu wa Katanga: nani aliyekuwa anatawala hapa siku ile? Mjini kuna sanamu ya Tshombe, na kijana mwenye akili ataunganisha yote mawili mwenyewe. Kama wewe ni mtu wa kukwepa swali hilo, mpeleke mpirani.

Kutoka nje ya mji

Kipopo ndiyo safari ya familia kubwa: mama wakubwa, binamu, sufuria, mkeka. Ziwa liko karibu kiasi cha kwenda na kurudi siku moja bila haraka, na tangu enzi ya wakoloni kuna kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki, kwa hiyo mtoto anayependa samaki ana cha kuuliza. Kiangazi barabara ni vumbi, masika ni matope. Beba tairi la akiba. Watoto wasiingie majini: maji yaliyotulia ya namna hii ndimo kichocho kinakoishi. Kipopo haidai msimulizi. Inadai mpishi, na mtu mzima mmoja asiyefanya kazi nyingine yoyote ila kuangalia watoto ukingoni.

Kundelungu, hifadhi ya taifa tangu 1970, ina maporomoko ya Lofoi ambayo maji yake yanaanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja. Ni miongoni mwa marefu zaidi Afrika. Nimeiweka mwisho kwa sababu ya njia. Inahitaji gari la magurudumu manne, akiba ya mafuta, mtu anayeijua njia, na kulala huko. Na watoto wadogo, hapana. Na vijana wawili watatu na mjomba mwenye gari imara, mwezi wa tano au wa sita, wakati mvua zimekwisha na maji bado ni mengi, ndiyo, bila kusita.

Sasa chagua

Mama peke yake na watoto watatu chini ya miaka sita: zoo, asubuhi, mrudi kabla ya jua kali. Nkambo mstaafu na wajukuu wa shule ya msingi: makumbusho, kisha chimine mkiiona kwa mbali njiani kurudi. Mfuko mtupu: stesheni hadi Kamalondo kwa miguu. Wageni wenye siku moja tu na watoto wa umri mchanganyiko: gawaneni, wadogo zoo na shangazi, wakubwa makumbusho na baba, mkutane kwa chakula. Jumapili ya mechi na kaka mkubwa yuko likizoni: uwanja. Familia nzima, zaidi ya watu kumi, na hakuna anayetaka kuongea sana: Kipopo.

Mwezi wa sita na wa saba asubuhi ya Lubumbashi ni baridi kweli, tuko juu zaidi ya mita 1,200. Wageni kutoka pwani wabebe sweta za watoto. Popote muendako, franka ndogondogo mfukoni, kwa kuwa mlangoni hawatakuwa na chenji ya noti ya dola.